Keki Saba Laini, Saba Ngumu

Kipande cha kwanza kilitua katika sahani ya Herdis kabla hajaketi vizuri. Kilikuwa cha keki ya mkate mweusi, tabaka tatu, krimu katikati na jamu nyeusi ikichuruzika pembeni, na aliyekiweka ni Sinne mwenyewe, mwenye nyumba. Katika usharika mzima wa Ravnkær hakuna mwanamke aliyewahi kumkatalia Sinne kitu akiwa na kisu cha keki mkononi. Herdis alikitazama kile kipande, kisha akaitazama meza. Juu ya kitambaa cheupe kilichonyooshwa kwa pasi zilikuwa zimepangwa keki saba laini na keki saba ngumu za kutafunwa kama biskuti, na hakuna aliyehitaji kuzihesabu, maana hazikuwahi kupungua hata moja.

Ndiyo desturi ya kule kusini mwa Jutland, mpakani na Ujerumani. Enzi za utawala wa Wajerumani, mababu walinyimwa kibali cha kuuza pombe katika nyumba zao za mikutano, nao wakasema haidhuru, tutakusanyika kwa kahawa. Wake zao wakaingia jikoni, na tangu siku ile hawajatoka. Mgeni huanza na keki laini, humalizia na ngumu, na huonja kila moja. Akiruka moja, mwenye nyumba hasemi kitu. Hunyamaza tu, na mgeni yule hujiuliza mwaka mzima amekosa nini asipate wa kumjibu.

Herdis alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mpishi mstaafu wa shule, na siku hiyo ya Novemba alikuwa na kilo tisini na nne. Mwezi wa Agosti alikuwa na mia na moja. Madaktari walitaka themanini na nane. Akizidi hapo hawatampasua, na wasipompasua hawataitoa figo yake ya kushoto, na wasipoitoa, kaka yake Iver atakufa. Mambo yalikuwa hivyo, hayana kona.

"Onja basi," Sinne alimwambia. "Au umekuja kuitazama tu?"

Wanawake wengine saba walicheka kicheko cha watu wenye krimu mdomoni.

Njiani, ndani ya gari, Herdis alikuwa ameuandaa uongo wake vizuri: angesema tumbo limechafuka, angekunywa kahawa bila maziwa, angeitafuna biskuti moja mpaka watu waage. Lakini uongo unaoukariri peke yako garini si ule unaousema mbele ya Sinne. Alichukua uma. Kipande cha kwanza alikila kwa adabu, cha pili kwa woga, na kuanzia cha tatu, tusidanganyane, alikula kwa raha, raha ya mtu aliyeishi miezi mitatu kwa kabichi. Alizimaliza zote kumi na nne. Aliporudi nyumbani alibaki ndani ya gari, injini imezimwa, mikono ikiwa bado kwenye usukani, akajiona mwanamke asiyefaa kitu. Kaka yake alikuwa anakufa, na yeye alikuwa ameshindwa kumwambia jirani hapana.

Si kwamba hakujua la kufanya. Mtaalamu wa lishe wa hospitali, Bi Malene, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, alimchorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga, robo samaki au kuku, robo mkate mweusi au kiazi cha kuchemsha. Herdis alikuwa amewapikia watoto mia mbili kwa miaka ishirini na sita, lakini aliipokea karatasi ile kwa heshima, akaibandika ukutani juu ya jiko. Mkate aliupima kwa mizani ya jikoni. Kila asubuhi alikata karoti akaziweka katika bakuli la maji, ili njaa ikibisha hodi ikute kuna mtu nyumbani. Siagi, ambayo kwao hupakwa nene mpaka meno yaache alama, aliitupia chini kabisa ya friza igande, kwa sababu alijijua.

Njaa yenyewe aliizoea baada ya wiki tatu. Kilichomchosha ni vyungu viwili. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alimpeleka Iver mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, akamrudisha akiwa amesinyaa, akampikia kabla ya kwenda kwake. Na Iver naye alikuwa na karatasi yake. Nyanya, hapana. Ndizi, hapana. Maziwa, kidogo mno. Viazi vichemshwe mara mbili na maji yamwagwe mara mbili, mpaka visibaki na ladha ya kiazi. Mboga zile zile ambazo Bi Malene alimhimiza Herdis azile kwa wingi zingeweza kuusimamisha moyo wa Iver. Siagi na krimu alizokatazwa Herdis, Iver alisihiwa azile ili apate nguvu. Lila na fila havitangamani, lakini katika jiko lile vilichemka ubavu kwa ubavu, na mwanamke mmoja akavikoroga vyote viwili.

"Wewe unakula nini siku hizi?" Iver alimwuliza siku moja. Alikuwa ameketi kwenye meza yake ya jikoni na koti begani, kwa kuwa alihisi baridi wakati wote.

"Nakula vizuri."

"Sijauliza unakulaje. Nimeuliza nini."

"Samaki, kaka. Kabichi. Kiazi kimoja."

"Kimoja?"

"Kikubwa."

Iver alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa amefuga nguruwe maisha yake yote, hakuoa, na maneno aliyatoa kwa kipimo. Ni mara moja tu alimsemesha Herdis kwa ukali, mwezi wa Agosti, siku madaktari walipothibitisha kwamba figo ya Herdis inamfaa na kwamba hakuna mwingine katika ukoo. Alimshika mkono nje ya hospitali, kwenye maegesho. "Mtu asijue," alisema. "Hata Sinne. Umenisikia? Hata Sinne."

Herdis alikubali, lakini agizo lile lilimuuma. Alilielewa kwa namna moja tu: Iver anaona haya. Mwanamume mkavu kama yeye, aliyebeba magunia ya chakula cha nguruwe tangu ujana, anaona haya kutembea na kipande cha dada yake mnene tumboni. Hakumwuliza. Katika ukoo wa Callesen watu hawaulizani mambo ya namna hiyo, hupitishiana viazi. Na siku ile ile daktari alikuwa amemwambia Herdis faraghani kwamba moyo wa Iver unaweza kuhimili upasuaji kwa sasa, lakini majira ya kuchipua yakipita hataahidi. Alimpa tarehe ya kupimwa: Alhamisi ya mwisho ya Februari.

Siri nayo ina vituko vyake. Ukiifungia mlangoni, hutokea dirishani imevaa nguo nyingine. Wanawake wa Ravnkær waliona shingo ya Herdis inachomoza, waliona sketi zake zimefungwa pini kiunoni, na ilipofika Desemba hakuna aliyekuwa na shaka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. "Ni ile," walinong'onezana, maana saratani hawakuitaja kwa jina lake. Ndiyo iliyomchukua mume wa Herdis. Na huko Ravnkær mgonjwa haletewi maneno. Huletewa chakula.

Kwanza alikuja Botilla, mkubwa wao kwa umri, na sufuria ya kabichi ya majani iliyopikwa kwa krimu, na soseji juu yake. Kisha Kjestine na mkate wa zabibu. Kisha wengine, hata wasiomzoea. Herdis alirudi kutoka kwa Iver akakuta kizingitini vyombo vilivyofunikwa vitambaa safi. Sinne alikuja mara tatu, na mara zote tatu na keki ya mkate mweusi, nzima, haijaguswa. Hakukubali kuingia. Alisimama mlangoni macho yake yamekuwa mekundu, na Herdis alijua si kwa sababu ya upepo.

"Ule, mwenzangu," alisema. "Mimi siulizi kitu. Nasema ule tu."

"Sinne, mimi si mgonjwa."

"Sawa. Si mgonjwa. Ule."

Angeitupa? Mama yao, aliyezaliwa wakati wa vita, aliwafundisha kwamba kutupa chakula ni dhambi isiyo na toba, na mafunzo ya mama hayamtoki mtu kwa sababu ya karatasi ya Bi Malene. Aliviingiza vyote kwenye friza. Halafu, jioni zile ndefu za Desemba, giza likiingia saa kumi kamili, alifungua friza kutafuta samaki na akaona ukingo wa keki ya Sinne. Alikata kipande chembamba kikiwa kigumu vile vile, akakinyonya akiwa amesimama, koti la nje bado mwilini. Kipande kimoja kiliita kingine. Usiku wa mkesha wa Krismasi Iver alikula vijiko viwili vya wali wa krimu, na Herdis hakula hata kijiko, akajipongeza, kisha siku mbili zilizofuata akaimaliza keki nzima peke yake. Mwaka mpya ulimkuta na kilo tisini na tano. Aliwachukia wale wanawake kwa upendo wao, na akajichukia zaidi kwa kuwachukia.

Januari alijibana mpaka akashuka hadi tisini na moja, na vyombo kizingitini havikukoma. Kisha zamu yake ikafika. Kila mwaka tarehe mbili ya Februari, sikukuu ya mishumaa, mmoja wao aliwaita wenzake kwa kahawa, na mwaka huu alikuwa Herdis. Asubuhi alitoa unga, akatoa mayai ishirini na manne, akatoa siagi kutoka chini ya friza akaiweka mezani ilainike. Alivaa aproni. Mwokaji haoki bila kuonja. Hilo analijua kila mtu aliyewahi kushika mwiko. Kuonja mara kumi na nne, kisha kukaa mezani na kula mara kumi na nne, kisha mabaki yabaki naye nyumbani. Alisimama pale mpaka siagi ikaanza kung'aa. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake na akavua aproni.

Wanawake wanane waliingia saa tisa alasiri, wakavua viatu, wakaketi. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, vikombe vya harusi yake, mishumaa, na birika mbili za kahawa. Walidhani keki ziko jikoni. Botilla alikunjua kitambaa cha mkono, akakitandaza mapajani na kungoja. Herdis alimimina kahawa kikombe baada ya kikombe mpaka akawamaliza wote, kisha akasimama nyuma ya kiti chake akakishika kwa mikono miwili.

"Sijaoka kitu," alisema.

Botilla aligeuka kuutazama mlango wa jikoni.

"Sina saratani. Najua mnasema ninayo. Iver ndiye mgonjwa, figo zake zimekufa, na mimi nitampa moja ya zangu. Lakini hawanipasui mpaka nifike kilo themanini na nane, na leo nina tisini na moja. Nimebakiza siku ishirini na nne. Mkiniletea keki tena nitaila, kwa sababu najijua. Na nikiila, Iver atakufa."

Botilla alikunja kitambaa chake polepole, akakirudisha mezani. Wengine waliangalia vikombe vyao. Ni Sinne aliyesema, na alisema bila kuinua macho.

"Ile ya Krismasi?"

"Niliila."

"Yote?"

"Kwa siku mbili. Haikuwa hata imeyeyuka."

"Mimi nilikuwa nakulisha usife," Sinne alisema. "Kumbe nilikuwa namuua Iver."

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu hukusema. Miaka thelathini tunakaa benchi moja kanisani, Herdis, na wewe umeniacha nibebe keki barabarani nikilia kama mjinga." Alivuta kikombe chake akanywa kahawa chungu, yeye ambaye hakuwahi kunywa bila vijiko vitatu vya sukari.

Kahawa ya sikukuu ya mishumaa huchukua saa tatu. Siku ile ilichukua nusu saa, na katika nusu saa hiyo hakuna aliyejua aiweke wapi mikono yake. Wakati wa kuaga Botilla alimshika Herdis bega akamwambia kahawa ilikuwa nzuri, kama alivyosema kila mwaka. Herdis aliosha vikombe akijisikia mwepesi kuliko mizani yoyote ilivyowahi kumwambia. Alikuwa anakausha cha mwisho simu ilipolia.

"Umesema," Iver alisema.

"Nimesema."

Simu ikakatwa. Kesho yake, Jumanne, teksi ya hospitali ilikuja kumchukua Iver, na Alhamisi pia, na Jumamosi. Alimtumia Herdis ujumbe kwamba chakula akiache ngazini. Akakiacha.

Lakini usharika ulikuwa umejua, na kazi ikaanza. Kizingitini vile vyombo vilivyofunikwa vitambaa vilitoweka, vikaja vichwa vya kabichi, mafungu ya karoti, na siku moja samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Sinne alikuja kila asubuhi saa tatu na viatu vya mpira miguuni, wakatembea kandokando ya mashamba mpaka kanisani na kurudi, upepo wa baharini ukiwapiga usoni. Hawakuongea sana. Wiki ya kwanza Herdis alipoteza kilo moja, na alishukuru kwa moyo wake wote.

Halafu akaanza kuyaona macho. Kanisani, baada ya ibada, sahani ya biskuti ilipofika kwake iliinuliwa juu na kupelekwa kwa mwingine, na hakuna aliyemwuliza. Mume wa Botilla alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Ngapi leo?" Katika duka la ushirika, mtu ambaye alimjua kwa sura tu alichungulia kikapu chake, akatikisa kichwa kuridhika, akaenda zake. Alasiri moja, baada ya siku tano za samaki na kabichi, alichukua kipande kidogo cha halua ya lozi chenye chokoleti. Gyde, muuzaji, alikishika mkononi asikipitishe kwenye mashine ya malipo.

"Hiki ni cha mgeni, sivyo?" aliuliza, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka barabara.

"Ndiyo," Herdis alisema. "Cha mgeni." Kisha akakiacha pale pale akatoka.

Njiani alishikwa na hasira, akashangaa imetoka wapi. Gyde hakukosea. Halua ile haikuwa na nafasi katika sahani ya Bi Malene. Lakini tangu Agosti, kila jioni alipoipita friza bila kuifungua, yeye ndiye aliyesema hapana. Lilikuwa neno lake, alilisema peke yake jikoni bila shahidi, na alimsemea Iver. Mara nyingine lilimshinda, na hata kushindwa kule kulikuwa kwake. Sasa usharika mzima ulikuwa unamsemea. Na ulikuwa unangoja. Alianza kujiuliza ataishi vipi katika kijiji hiki ikiwa siku ile mizani itakataa, atakaa benchi gani, ni nani atakayemwona akimega mkate asikumbuke. Hofu ya Iver kufa alikuwa ameizoea kidogo. Hii ilikuwa mpya, na ilikuwa ya aibu, maana ilimhusu yeye.

Alhamisi ya mwisho ya Februari mizani ya nyumbani ilisema themanini na nane na nusu. Hakuwa amekula tangu mchana wa jana yake. Alipaswa kupimwa saa saba mchana, lakini saa tano alikuwa tayari hospitalini, na miguu ikampeleka ghorofa ya chini kwenye mashine za kusafisha damu. Iver alikuwa ameegama kwenye kiti kikubwa, mkono wa kushoto umenyooshwa, mirija miwili ikienda na kurudi. Hawakuwa wameonana kwa zaidi ya wiki tatu. Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka.

"Umekonda," Iver alisema.

"Bado nusu kilo."

"Mizani yako mbovu."

"Si mbovu, kaka." Alivuta kiti akaketi. Alikuwa na njaa mno kuweza kuzunguka, na pengine njaa ndiyo iliyomfungua kinywa. "Nataka kukuuliza kitu. Uliona haya?"

"Haya ya nini?"

"Yangu. Ya kubeba figo yangu. Ndiyo maana ulitaka watu wasijue."

Iver alimtazama, na Herdis aliona kwamba hakuelewa, kwamba kweli hakuelewa, na kisha kwamba ameelewa na limemuuma.

"Nilikuambia unyamaze ili ubaki na mlango wa kutokea," alisema. Aliongea polepole, akivuta pumzi katikati. "Ungeshindwa na zile kilo, au ungeogopa kisu, au ungeamka siku moja ukasema sitaki tena. Tungejua mimi na wewe na daktari. Mimi ningekufa, na wewe ungeendelea kwenda kwa Sinne kula keki zako, na hakuna ambaye angekutazama vibaya. Mimi nina nini cha kukupa, Herdis? Nilikuwa na hicho tu. Nawe umekwenda kuwapa wale wanawake."

Akilini Herdis alimwona Gyde na ile halua mkononi. Aliiona sahani ya biskuti ikipaa juu ya kichwa chake. Yote yale Iver alikuwa ameyaona tangu Agosti, pale kwenye maegesho, na yeye muda wote huo alikuwa amemhesabia kaka yake ubaya. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nisingeutumia mlango huo," alisema.

"Hujui."

Alifikiri. "Kweli," alisema. "Sijui."

Muuguzi alileta chakula cha Iver kwenye sinia: vipande viwili vya mkate wenye siagi na nyama, yai, na kipande cha keki ya tufaha, kwa kuwa wagonjwa wakiwa kwenye mashine huruhusiwa kidogo vile wanavyonyimwa nyumbani. Iver aliuma mkate mara mbili. Kisha mkono wake wa kulia ukaisukuma sahani juu ya kimeza, taratibu, mpaka ikagusa vidole vya Herdis.

Hakuna kati yao aliyeuamrisha mkono ule. Ulikuwa unafanya hivyo kwa miaka hamsini na zaidi. Iver alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa asiyemaliza chakula, na mama yao hakumruhusu mtu kuondoka mezani sahani ikiwa na kitu. Basi mama alipogeukia jiko sahani ilisukumwa, Herdis akala upesi, na mama aliporudi aliwasifu wote wawili. Waliendelea hivyo kwenye meza za Krismasi, kwenye kipaimara, kwenye mazishi ya mama mwenyewe. Hawakuwahi kulizungumza.

Harufu ya siagi ilimpanda Herdis mpaka kwenye masikio. Hakuisogeza sahani, wala hakuigusa. Iver aliitazama ilipofika, akamtazama dada yake, mwili wake wote, mabega na mikono na lile gauni lililolegea, na uso wake ukabadilika.

"Tangu lini nakusukumia sahani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu viazi vya mama."

Iver aliivuta sahani akairudisha kwake. Alichukua mkate kwa mkono wake huru na akauma. Kwa miezi kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma kinywani mwake, na kumeza ilikuwa kazi ya kuvuka mto. Alitafuna akiwa amefumba macho, akameza, akapumzika, akauma tena. Alimaliza kipande cha kwanza. Alianza cha pili. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na Herdis alitaka kumshika mkono asifanye hivyo.

"Si lazima, kaka."

"Nyamaza," alisema, mdomo umejaa. "Ni changu hiki."

Alikula yai. Ilipotimu saa saba kasorobo alikuwa amebakiza ile keki ya tufaha. Herdis alisimama, akachukua mkoba wake.

"Nenda," Iver alimwambia. "Usiwacheleweshe watu."

Mlangoni Herdis aligeuka. Iver alikuwa ameinamia sahani, anaikata keki vipande vidogo vidogo kwa ubavu wa uma, na anakula.